Mwanga wa Siku Ile ya Kizimkazi

Mke wangu Mize alifia Kizimkazi, kwa mama yake. Uchungu ulimshika alfajiri na mtoto hatoki. Kutoka kule hadi hospitali ya mjini si mbali ukiwa na gari, na gari upande ule ilikuwa moja tu, Landrova ya Serikali. Mwenye amri nayo alikuwa Ndugu Silima, mkubwa wa upande ule. Mkwe wangu, Bi Kazija, akamtuma mtu kwenda kuiomba. Mtu akajibiwa kuwa gari imekwenda mjini na Ndugu Silima yumo ndani yake. Adhuhuri Mize akafa, na mtoto naye.

Bi Kazija macho yake yana ukungu, haoni. Lakini tangu siku ile neno lake ni moja: "Mvua ilipopungua nliisikia ikiwashwa. Nyuma ya skuli pale." Ndugu Silima akasema bibi kachanganyikiwa na msiba, yeye siku ile hakukanyaga Kizimkazi. Sasa chukua neno la bibi kipofu na neno la mkubwa, uyaweke mbele ya wakubwa wenzake. Unajua mwenyewe lipi litapokelewa.

Mimi siku ile nilikuwa bandarini, kazi yangu uchukuzi. Mjini jua lilikuwa kali, tunapakia magunia ya karafuu. Sikuona kitu, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Mwaka wa pili wake Ndugu Silima akaletwa Jang'ombe, mtaani kwetu mjini, kuwa mwenyekiti wa tawi letu la chama. Watu kama yule wakiharibu huku hupandishwa kule. Nikikutana naye namwamkia, naye ananijibu. Nikirudi ndani najipikia, nakula, nalala. Watu walisema nimepoa. Nilikuwa sikupoa wala sikupata moto. Kitu kimoja tu nilikitaka, nijue gari ilikuwa wapi.

Basi siku moja baada ya alasiri tukaitwa tawini, kila nyumba itoe mtu. Mwalimu Usi, kijana wa skuli aliyesomeshwa Ulaya, atatueleza habari za anga. Watu walikwishatembea mwezini, na mtaani kila mtu ana lake. Nilikaa nyuma karibu na Muhiddin, fundi cherehani, jirani yangu.

Mwalimu Usi alikuja na taa ya kandili na chungwa. Taa ndiyo jua, chungwa ndio sisi. Akasema mwanga nao unasafiri, hauko huku na kule kwa mara moja. Unaondoka kwenye jua, unakuja mpaka unafika, na muda huo mtu angeweza kuchemsha chai.

"Chai yenyewe kavu," akasema Muhiddin kwa sauti ya chini. Waliokuwa karibu wakacheka kwa mabega tu, maana Ndugu Silima alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chenye mikono.

Mwalimu akaendelea. Nyota ziko mbali hivi kwamba mwanga wake tunaouona leo umeondoka huko zamani, nyingine kabla hatujazaliwa.

Maalim Zahor, anayesomesha watoto Kurani chuoni, akanyanyua mkono. "Na Buraq, mwanangu? Mtume wetu alikwenda mbingu saba na kurudi usiku mmoja. Huo mwanga wako ungemfuata wapi?"

"Hiyo ni kudra ya Mungu, Maalim. Mie nazungumza vyombo vya watu, vya chuma na mafuta."

"Hapo sawa. Endelea na chuma chako."

"Chuma hakiwezi kuupita mwanga," akasema Mwalimu Usi. "Kila ukizidisha mbio, chombo kinazidi kuwa kizito kukisukuma. Ukiukaribia mwanga, uzito unakuwa hauna mwisho, na moto wa kukisukuma nao uwe hauna mwisho. Nani anao?"

"Kama mkokoteni wa Mcha huo," akasema Muhiddin, akinionyesha mimi. "Mlima wa Mnazi Mmoja."

"Mnazi Mmoja kuna mlima?" mtu akauliza.

"Ukiwa na njaa upo."

Hapo hata Ndugu Silima alicheka. Mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

"Mwalimu, mtu akiwa kwenye nyota, akatazama huku, anaona nini?"

"Akiwa na miwani kubwa ya kutosha, mzee, anatuona tulivyokuwa zamani. Mwanga wetu wa leo haujamfikia."

"Kwa hiyo mwanga wa mwaka juzi bado uko njiani?"

"Uko njiani. Unakwenda tu."

"Na nikipata chombo cha kuupita. Nikautangulia mbele, nikageuka nikatazama. Nitauona mwaka juzi?"

Mwalimu Usi alifurahi. Alikuwa kijana mwema, hakuwa mtu wa mtaa wetu, hakujua kitu. Akasema, "Swali zuri sana! Ndiyo, ungeuona mwaka ule vile vile, kila kilichokuwa nje chini ya mbingu. Lakini ndiyo hivyo, chombo hicho hakipo."

"Hata baadaye? Wakisoma zaidi?"

"Kwa tunavyojua leo, hata baadaye."

"Nilitaka kuona gari," nikasema.

"Gari gani?"

"Landrova. Siku Mize alipokufa. Ilikuwa nje, si ndani ya nyumba. Nilitaka nione ilikuwa wapi."

Muhiddin alinivuta kanzu. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja asielewe. Watu waliokuwa wakisema na wakubwa namna hiyo wakati ule, wengine hatukuwaona tena. Nililijua hilo nikiwa nimesimama. Halikunishtua wala halikunikalisha.

Ndugu Silima akageuka kwenye kiti chake taratibu. Alikuwa bado anacheka, kile kicheko cha mwanzo hajakimaliza. "Umesikia Mwalimu, mzee Mcha? Haiwezekani. Na hata ingewezekana ungeambulia nini? Mvua ile! Mimi nimo ndani, kioo cha mbele sioni hata pua ya gari, sembuse wewe huko kwenye nyota."

Alingoja tucheke.

Hakuna aliyecheka. Ilimchukua muda kidogo kulisikia alilolisema. Nikaona uso wake ukilisikia. Siku ile mjini halikudondoka hata tone, na ukumbi mzima ulijua, kwa sababu karafuu zilikuwa zimeanikwa hadi pembeni mwa barabara.

"Mkutano umefungwa," akasema.

Tukasimama, tukatoa salamu ya chama kama kawaida. Mwalimu Usi akazima taa yake. Chungwa alilisahau mezani, na lilibaki pale, hakuna aliyeligusa.

Njiani Muhiddin hakufanya mzaha. Tulipofika mlangoni kwangu akasema, "Nyamaza sasa, Mcha. Ushajua, nyamaza."

"Nshanyamaza," nikamwambia.

Nilingoja waje kunichukua. Hawakuja. Ndugu Silima alibaki mwenyekiti wetu, kisha wakampa kazi kubwa zaidi. Nikikutana naye namwamkia, ila tangu siku ile hanijibu.

Ijumaa iliyofuata nilipanda gari ya abiria ya shamba hadi Kizimkazi. Bi Kazija alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mcha?"

"Naam. Ile gari ilikuwepo. Uliisikia kweli."

Vidole vyake havikusimama. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Mbele za watu."

"Na hao watu wakafanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Walikwenda majumbani kwao."

Akasuka mpaka akaishiwa na ule mkono wa ukindu, akapapasa chini akachukua mwingine.

"Alikuwa ndani ya gari mle, mvua inanyesha," akasema. "Na Mize analia."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimedhani nikijua patakuwa na kitu, hasira au machozi, hata usingizi mzuri. Nilikaa pale nikakingoja. Kuku walipita uani. Nyuma ya skuli watoto walikuwa wanacheza, pale pale gari ilipokuwa imesimama.

"Mjini sukari imepatikana?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Basi chai tutakunywa hivyo hivyo," akasema, akainuka kutia maji jikoni.