Shoka Chini ya Kitanda

Katika darasa letu la jioni pale Ilomba, Mwalimu Isakwisa alitugawia misemo ya Kiingereza kwenye vikaratasi. Alhamisi kila mtu angeeleza msemo wake ulitoka wapi na una maana gani. Happy alipata msemo wa kuvunja barafu. Mwalimu alimdokezea kwamba zamani meli zilipasua bahari iliyoganda ili nyingine zipite, na ndivyo neno la kwanza linavyowafungulia njia watu wasiozoeana.

"Sisi shuleni barafu tulivunja kwa meno," Amos alisema, "na bado tuligombana."

Mimi, mzee kuliko wote darasani, nilipata ule wa kuzika shoka.

"Wako mwepesi, Mama Pendo," mwalimu aliniambia. "Baadhi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini walipopatana walifukia silaha zao ardhini. Maana yake ni kumaliza ugomvi."

Niliandika neno shoka, nikaweka kalamu chini. Chini ya kitanda changu kulikuwa na shoka la marehemu baba, limefungwa kwenye kitenge.

Katika ukoo wetu kule Kilolo, siku ya kumaliza matanga wazee humkabidhi kijana wa kwanza shoka la baba yake. Mimi ndiye niliyemuuguza baba miaka mitatu. Kaka Kasian alifika siku ya kuchimba kaburi. Kwa uchungu huo, alfajiri ya kumaliza matanga nilichukua shoka nikapanda basi la Mbeya. Kaka alisimama mbele ya wazee mikono mitupu. Huu ni mwaka wa nne hatusemeshani.

Jumatano nilipiga magoti, nikasali mpaka pale pa kusamehe waliotukosea, nikainuka. Nikafagia uwanja mara mbili. Kisha nikachukua jembe, nikaanza kuchimba nyuma ya migomba, nifanye kama wale watu wa Amerika. Shimo lilipofika magotini nikaacha. Kulizika kungekuwa kumnyang'anya kaka mara ya pili.

Alhamisi sikwenda darasani; nilipanda basi kurudi Kilolo. Kondakta aliniuliza nimebeba nini, nikamjibu, urithi. Chimala abiria walishuka kununua mchele. Mimi nilibaki na kitenge mapajani, nikirudia ombi moja: Bwana, asinifungie mlango.

Nilimkuta Kasian uani akichanja kuni kwa panga.

"Shikamoo, kaka."

Hakujibu. Nilipiga goti, nikafungua kitenge, nikamwelekezea mpini.

"Wazee wawili wamekufa tangu siku ile," alisema. "Nani atanikabidhi?"

"Mimi niliyeliiba."

Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye makali.

"Limekula kutu. Miaka yote hii hukuchanja hata kuni?"

"Sikuthubutu."

Alitikisa kichwa, akaliegemeza ukutani, akaanza kutafuta jiwe la kunolea. Alipolipata akageuka.

"Marahaba," alisema. "Lete maji."