Uso si Shuka

Mkuu wa chumba cha kufulia pale hotelini alikuwa na sifa moja: hakuna doa lililomshinda. Damu, wanja, kutu, mafuta ya gari, vyote vilisalimu amri mikononi mwake. Wasichana aliowasimamia walimwita Mama Sabuni.

"Kwa Mama Sabuni hata dhambi inatoka," walitaniana, "ila uilete ikiwa bado mbichi."

Basi binti yake wa pekee, aliyeitwa Kipusa tangu utotoni kwa uzuri wa sura, alipoanza kuota chunusi, mama hakuhangaika. Doa ni doa. Kila Jumapili alimketisha uani, akamkanda uso kwa kitambaa cha maji moto, akasugua kwa sabuni ya kipande na brashi, kisha akabinya kipele kimoja kimoja.

"Mama, inauma."

"Acha iume. Uchafu huu usipotoka leo utaota mizizi."

Lakini kadiri alivyosugua ndivyo chunusi zilivyozidi. Vipele vikawa vinundu, vinundu vikawa majipu yaliyojificha chini ya ngozi, magumu, yenye joto. Kipusa alilala chali, maana mto ulimtonesha. Akaacha kwenda hata dukani.

Mama yake mdogo alipokuja kuwatembelea alishtuka. "Dada, mwache mtoto. Uso si shuka huo."

"Wewe umezaa madume matupu, utajua nini?"

Jumapili iliyofuata palikuwa na jipu shavuni, karibu na jicho. Mama aliweka vidole gumba viwili, akakaza. Kitu kilipasuka, lakini hakikutoka chochote. Kilipasukia ndani. Kulipokucha shavu lilikuwa limeumuka, jicho limefumba, na mwili unachemka homa. Wakakimbilia hospitali.

Daktari wa ngozi alimtazama Kipusa kwa muda mrefu. "Nani alibinya hapa?"

"Mama," alisema Kipusa. Hakulia wala hakumtupia mama jicho. Alisema tu, kama mtu anayeulizwa anakoishi.

Daktari akavuta kiti. "Mama, hapa hapakuwa na uchafu. Vinyweleo viliziba kwa mafuta, vijidudu vikazaliana humo, na kinga ya mwili ikatuma askari wake. Ule uvimbe, yale maumivu, ni kazi ya hao askari. Kila ulipobinya uliwabomolea ukuta, vita vikaingia nyamani. Kila ulipoparuza uliongeza kuni."

"Kwa hiyo ni mwili wake mwenyewe unaomla?"

"Unamlinda. Ila unamlinda kupita kiasi, haujui pa kuishia."

Mama alionyesha shavu lile jingine. "Na haya mashimo?"

"Hayo ni makovu. Chunusi zinazokuja tutazituliza kwa dawa, na itachukua miezi. Makovu tunaweza kuyapunguza baadaye, kidogo. Uso ule wa zamani haurudi."

Njiani Kipusa alitembea mbele, mtandio umemfunika mpaka puani.

Walipofika nyumbani mama alinawa mikono hadi viwikoni, akachukua dawa ya kupaka. "Njoo nikupake."

"Nitajipaka."

"Huoni vizuri kwa jicho hilo, mwanangu."

"Nitapapasa." Kipusa aliichukua ile dawa kwa ncha za vidole, asije akamgusa mama, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mama alibaki kizingitini. Akasikia kifuniko kikifunguliwa, kisha mwanawe akivuta pumzi kwa meno kama mtu aliyeungua. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitasa. Akautazama, akaurudisha. Alikaa chini ukutani, akaikalia mikono yote miwili.

Ndani mtoto aliguna. Mama hakuinuka.