Posa Iliyofika Bungeni

Haya, kikombe kikawekwa chini. Abu Sattam, mzee wa Khafji upande wa Saudia, alikipokea kwa mkono wa kulia, akakitua kwenye zulia mbele ya goti lake, akasafisha koo.

"Bu Ghanima, kahawa yako siinywi mpaka unipe haja yangu. Nimekuja kumposa binti yako kwa mwanangu Sattam."

Nyuma ya mlango wa baraza, upande wa ndani wa nyumba, Ghanima alimbana bibi yake mkono kwa furaha mpaka bibi akamfinya ili amwachie. Kilichobaki ni maneno machache tu. Baba yake aseme, "Kunywa kahawa yako, ulichokuja kutaka umepata," mzee anywe, wanawake wapige vigelegele, kwisha habari. Mambo yote yalishapangwa kwenye simu. Hata keki ilikuwa kwenye friji.

Baba yake, Barjas, ambaye watu walimwita Bu Ghanima, yaani baba wa Ghanima, aliliweka vizuri joho lake, akawatazama wanaume waliojaa ukutani kote, akasema, "Waheshimiwa, mjadala uko wazi."

"Mjadala gani tena?" Ghanima akanong'ona.

"Mwanangu kapata wazimu," akasema Bibi Sabika. "Leo, siku ya wageni! Si angengoja kesho?"

Nyumba ile ya Fahahili, huku Kuwaiti, ilikuwa na baraza kila Jumatatu, na kila Jumatatu mawaziri walichambuliwa humo kama samaki wa wali. Barjas aliwahi kugombea ubunge akabwagwa vibaya sana, lakini hilo halikumtoa hamu. Hakuna alichokipenda duniani kama ile siku wabunge wa Kuwaiti wanapomsimamisha waziri na kumhoji mpaka jasho limtoke. Baada ya hapo ndipo anafuata Ghanima, mtoto wake wa pekee, aliyelelewa na baba na bibi tangu mama yake alipofariki. Yeye mwenyewe angekwambia Ghanima ndiye wa kwanza. Lakini leo, wallahi, ilikuwa vigumu kumwamini.

"Kuhusu utaratibu!" akapaza sauti Bu Jarrah, karani mstaafu wa bunge. "Mposaji ahojiwe kwanza."

Sattam, aliyekaa ubavuni mwa baba yake, akajiweka sawa. Kijana mrefu, mhandisi wa mabomba, mwenye sauti ya upole ambayo Ghanima aliipenda tangu siku walipokaa meza moja kwenye semina ya kazi. Sasa sauti yenyewe ilikuwa imemkauka.

"Binti yangu ana gari lake," Barjas akaanza. "Anaendesha tangu alipopata leseni. Kwenu ataendesha nini, ngamia?"

Baraza zima likacheka.

"Ruhusa imeshatangazwa, ami. Mwezi wa sita wanawake wanaanza kuendesha."

"Imetangazwa! Nani kaipigia kura?"

"Haikupigiwa kura, ami. Mfalme kaamuru."

"Mmesikia? Kaamuru! Na kesho akiamuru warudi kiti cha nyuma?"

Hapo Abu Sattam akashindwa kujizuia. "Nyie na kura zenu! Mnachagua bunge, amiri wenu analivunja kabla mabango hayajashuka kwenye nguzo, mnachagua tena wale wale. Na barabara yenu imenirushia kokoto mpaka kioo cha gari kimepasuka. Kwetu neno moja likitoka, lami imelala."

"Na usipoipenda hiyo lami, utamwambia nani?"

"Namwambia mke wangu."

Watu wakapiga mapaja. Bibi Sabika akaziba mdomo kwa shela, mabega yanamruka.

"Sisi waziri tunamsema hapa hapa, kwa jina lake na la baba yake!" Barjas akafoka. "Kwenu mnanong'ona!"

"Tunanong'ona, ndiyo. Lakini kwetu sasa kuna sinema, kuna matamasha, na watu wanacheza. Kwenu nasikia mtu akitikisa bega kwenye tamasha anatolewa nje. Hiyo sheria nani kaileta, si hao hao wabunge wenu?"

"Eee, hapo katupata," akakiri Bu Jarrah.

Ghanima alikuwa anacheka huku anahesabu dakika. Kile kikombe bado kilikuwa kwenye zulia, kimepoa. Kila hoja ilizaa nyingine. Baba yake akaleta habari ya magazeti, kisha habari ya wanawake kupiga kura, kisha mafuta ni mali ya nani, na kila Abu Sattam alipomjibu vizuri, Barjas alifungua mlango mwingine. Mtu anayejua kubishana anajua pia kumaliza. Huyu alikuwa hataki kumaliza.

Na Sattam, maskini, kila upande unamrushia swali. Koo lilimkauka. Akapapasa zulia bila kutazama, akashika kikombe, akakigugumia chote mara moja.

Kikombe cha baba yake.

Kila mtu pale alijua maana yake tangu utotoni. Kahawa ya posa ikinywewa kabla ya jibu, mposaji kaghairi, na aibu juu.

"Sattam!" baba yake akasema kwa sauti ya mtu aliyeungua. "Umefanya nini, ewe mwana?"

"Hoja imeondolewa na mtoa hoja," Bu Jarrah akatamka, kwa mazoea tu, kisha akajuta.

"Nilikuwa na kiu!" Sattam akalia. "Wallahi ni kiu tu!"

Wengine wakasema kiu si nia. Wengine wakasema kahawa haina kiu wala nia, ni kahawa. Mmoja akataka ipigwe kura. Ghanima hakuwasikia. Jicho lake lilikuwa kwenye ufa wa mlango, na ufani aliuona uso wa baba yake. Haukuwa na hasira. Baba yake alikuwa amepumua kwa raha, kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Kicheko chote kikamtoka. Kumbe!

"Hakuna kura!" Barjas akapiga zulia kwa kiganja. "Kwenye hili hakuna kura wala mjadala. Humu ndani mfalme ni mimi!"

Abu Sattam akamtazama, na ndevu zikaanza kumtikisika kwa kicheko. "Alhamdulillahi, Bu Ghanima. Hatimaye umehamia kwetu."

Kicheko kilipopasuka, mlango ukafunguliwa. Ghanima aliingia na dele la kahawa mkononi, shela yake imekaa sawa, uso unamwaka. Alikuwa hajawahi kuingia barazani wakati wa wageni. Wanaume wakavuta miguu, wakainamisha macho, Bu Jarrah akatafuta kifungu cha kumzuia asikipate. Ghanima akakichukua kikombe kitupu, akamimina humo kahawa ya moto kidogo tu, kama ilivyo desturi, akakitua tena mbele ya goti la mzee. Kisha akamgeukia baba yake.

"Basi mfalme atoe amri."

Barjas akanyoosha ncha ya joho lake.

"Baba, mimi nimeshachagua. Lakini wewe huogopi Saudia. Sema unachoogopa."

Mzee yule aliyewasema mawaziri wote wa nchi kwa majina ya baba zao akatazama zulia. Alipozungumza, waliokaa mbali ilibidi wainame ili wamsikie.

"Jumatatu watu wataondoka," akasema. "Nitafunga mlango, nitaingia ndani, nitakuta kimya. Bibi yako analala mapema. Nilifikiri nikibishana mpaka Isha, watachoka waende zao."

Ghanima akapiga magoti, akambusu baba yake kichwani, na machozi yakamshuka mbele ya wanaume wote wale bila kujali.

Abu Sattam akakohoa. "Bwana, Khafji ni hapo tu ukivuka mpaka. Mimi nina baraza Alhamisi, na watu wangu wote wanakubaliana nami kwa kila kitu. Nimechoshwa nao. Njoo unibishie."

Barjas akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Na nikimsema waziri wenu?"

Mzee akafikiri, akachungulia mlangoni na dirishani. "Utamsema kwa sauti ya chini."

"Kunywa kahawa yako, Abu Sattam," akasema Barjas. "Mchukue. Lakini gari anaendesha mwenyewe."