Mashine ya Njombe Inaumwa Kidogo

Asubuhi hiyo Shamimu alikuwa anapima sukari kwenye vifuko vya nusu kilo, na Fundi Issa alikuwa amelala chali chini ya kaunta, miguu yake imetokeza upande wa wateja. Wateja waliiruka miguu wakaomba chumvi. Upepo wa Makambako uliingiza vumbi ndani, na Shamimu akafunika sukari kwa sinia.

Zamani duka hilo lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa, Mzee Romani alilinunua, akanunua na lingine Njombe. Halafu akaleta kompyuta mbili, moja huku na moja kule, zikaungwa kwa laini ya simu. Issa alitolewa Dar es Salaam kuja kuziseti, ili mashine ya Njombe ikipata tatizo itoe taarifa yenyewe bila kusubiri mtu.

"Mzee, taarifa ije vipi?" Issa aliuliza akiwa kule chini. "Niweke kengele?"

"Duka langu si shule," Romani alisema. "Habari mbaya inaletwa kiungwana. Seti ije kama watu wa huku wanavyopeana."

Issa akatoka, akajipangusa magoti, akaiandikia mashine hivyo hivyo. Mashine ikakubali.

Haukupita muda, akashuka mama mmoja kwenye lori la viazi kutoka Njombe. Alivaa sweta la kijivu na kitenge, miguu ina udongo mwekundu. Kisogoni mwake feni ndogo ilikuwa inazunguka taratibu. Shamimu alimsogezea kigoda mbali na unga, usije ukapeperuka.

"Kamwene," mama alisema.

"Kamwene, mama. Karibu."

Mama akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi. Akaletewa chai, akainywa yote, akaisifia. Ndipo Romani alipomuuliza, "Na huko utokako?"

"Kwema. Ila mashine inaumwa kidogo."

Kwa watu wa huku, hakuna anayepandishwa lori kwa ajili ya ugonjwa mdogo. Romani alichukua koti lake akakimbilia basi. Njombe aliikuta kompyuta imezimika, haipumui.

"Basi ile taarifa niliyoiseti inafanya kazi," Issa alisema alipopata habari, akaenda kula.

Shida ikawa ni wingi. Karatasi za printa zikiisha, wanakuja shangazi wawili na kikapu. Droo ikikaa wazi kidogo, anakuja baba mkwe wa mtu, naye hali dagaa. Wote wana feni kisogoni, wote wanataka kusalimiwa hadi mwisho. Shamimu alihama sufuria ndogo akaanza kupikia ile ya misiba.

"Issa, wananimaliza hawa," Romani alilalamika. "Wapunguze."

Wakakaa wakapanga upya. Mambo ya karatasi yasubiri. Mashine ikizimika, mlango ukifunguliwa, joto likizidi au baridi ikizidi, aje mama wa sweta peke yake. Na jambo likiwa limeshaharibika, lisilo na dawa tena, waje wanaume.

Nao walikuja siku umeme ulipoiunguza mashine ya Njombe. Wanne, kofia mkononi, feni zao zimesimama. Walikaa kwenye benchi la nje kimya, kwa sababu wajumbe wa namna hiyo hawasemi mpaka waulizwe. Romani aliwauliza, akasikitika, akaagiza mashine nyingine.

Mwezi wa sita baridi ya Njombe ikashuka hadi majani yakaganda. Mama wa sweta akaja, akasalimia, akanywa chai.

"Huko kuna baridi kidogo," alisema. "Mashine inatetemeka. Na binti anayelala nayo anakohoa kidogo."

Binti huyo ni Avelina, muuzaji wa Njombe. Alifundishwa kazi hapo Makambako, yeye na Shamimu wakilala godoro moja, tena Avelina ndiye aliyekuwa anavuta shuka. Duka la Njombe lilipofunguliwa, Romani alitaka alale humo ndani alilinde. Jua likizama, msimamizi Edson anamfungia kwa nje kwa kufuli na kwenda kwake na ufunguo. Jiko la mkaa halikuruhusiwa humo.

Romani akamgeukia fundi. "Hilo la binti tuliliseti?"

"Hatukuliseti, mzee. Mimi niliseti baridi tu. Ila wanalala chumba kimoja."

"Sawa." Romani akafungua kabati, akatoa blanketi zito, jipya, likiwa bado kwenye nailoni, akamkabidhi mama. "Mpelekee Edson. Aifunike mashine."

"Mzee, na Avelina?" Shamimu aliuliza.

"Avelina ana sweta."

"Si afunguliwe akalale kwao?"

"Mwanangu, duka likilala peke yake linaamkia kwa mtu mwingine."

Shamimu akamfungia mama tangawizi kwenye kona ya kitenge, akamtuma amwambie Avelina atoke humo.

Mama akarudi. "Mashine haijambo, inashukuru kwa blanketi," alisema, na Romani akafurahi. "Binti anaingiza miguu humo humo. Kifua kinambana kidogo. Nimemwambia atoke. Anasema atatoka Edson akifungua. Edson anasema atafungua saa ya duka."

"Issa," Romani alisema, "ondoa yasiyo ya mashine."

"Nikiondoa hayo, mzee, baridi nayo itaondoka. Yanakuja pamoja."

"Basi yaache, nitachagua mwenyewe ya kusikia."

Tangu hapo akawa na desturi. Habari ya mashine ikiisha, anamshukuru mama, anatoka nje kutazama matairi ya malori. Mama anammalizia Shamimu: homa kidogo, chakula hakipandi, kitandani kidogo. Shamimu aliomba ruhusa aende Njombe. Romani alimuuliza nani atapima sukari.

Jioni moja Shamimu alikuwa anafagia baraza alipowakuta wanaume wanne wamekaa kwenye benchi, kofia mkononi, feni zao zimesimama.

Romani alitoka na kufuli lake. "Kamwene, ndugu zangu."

"Kamwene, mzee."

"Ni mashine?"

Wakatazamana. "Mashine ni nzima, mzee."

"Na duka limefungwa?"

"Limefungwa."

"Kwa nje?"

"Kwa nje."

"Mungu ni mwema. Shamimu, wape wageni chai. Mengine tutaongea kesho." Akafunga mlango, akalivuta kufuli mara mbili kulijaribu, akaenda zake.

Wanaume wakamgeukia Shamimu, wakangoja. Kuuliza sasa kulikuwa kwake.

Shamimu akaleta jiko barazani, akalipepea, akabandika sufuria. Akauliza habari za viazi. Wakasema vimevunwa. Akauliza pareto, akauliza mbuzi, akauliza barabara ya Mdandu kama inapitika. Inapitika. Akauliza kama mianzi imetoa ulanzi wa kutosha mwaka huu, na yule mkubwa wao akaeleza kwa kirefu, kwa upole, shamba kwa shamba. Hakuna aliyemharakisha. Chai ilipofika chini, Shamimu akaongeza maji.