Pilau la Mechi ya Kuvuka Kundi

"Kila mwaka tunapangwa na nyie tu, kila—"

"Ratiba ndiyo hiyo, Jovin, sasa mimi—"

"Tumechoka, Maulid."

Manahodha hao walikuwa dukani kwa Jovin, mtaa wa Xiaobei. Ligi ya Wabongo wa Guangzhou ina makundi mawili, na kila timu hucheza mechi moja ya kuvuka kundi, na mpinzani yuleyule miaka yote. Anayefungwa anawapikia washindi pilau. Jovin alishapika mpaka sufuria likatoboka.

"Tuzungushe wapinzani," akasema. "Safari hii Maulid acheze na timu ya Liuhua."

Hasna, mpanga ratiba aliyekuwa amekaa nao, akakubali. Jovin akajiandaa kutukanwa.

Maulid akakuna kidevu. "Wale Liuhua wanapika wali mbichi, kaka. Nisajili timuni kwako."