Vikinga Magoti vya Maua

Wasichana wawili, Twiga na Kisoda kwa majina ya utani, walikuwa chanda na pete tangu utotoni, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja. Kisha Twiga akarefuka ghafla, magauni yake yote yakawa blauzi, na mwalimu wa michezo akamwita kwenye timu ya mpira wa wavu. Kisoda hakuitwa na mtu. Alijipeleka kumsindikiza mwenzake, na mwalimu akampa kazi ya kuokoa mipira ya chini. Mtu mfupi, alisema, hana safari ndefu kuifikia sakafu.

Mama yake Kisoda ni fundi cherehani. Aliposikia watoto watakuwa wakijitupa kwenye saruji, alichana godoro kuukuu, akawashonea wote wawili vikinga magoti vya sponji, kitambaa cha maua juu, lastiki nyuma.

Twiga alikuwa ndiyo kwanza amevivaa pale uwanjani, nahodha akauliza nani amekuja na kitanda. Nahodha huyo alikuwa wa darasa la juu, na Twiga alishaanza kumwiga hata anavyofunga nywele. Timu nzima ikacheka. Jamani, kicheko cha watu unaotaka wakupende kinauma kuliko kofi. Twiga akavivua palepale, akasema ni vya Kisoda, yeye alikuwa anajaribu tu. Kisoda akavipokea. Alicheza na vyake, wakamcheka mpaka wakachoka. Twiga alicheza magoti wazi, akaanguka, goti la kulia likachubuka vibaya.

Nyumbani mama akauliza vimefaaje. Kisoda hajui kumvunja mama yake moyo, akasema timu nzima imevitamani. Basi wiki iliyofuata mama akatokea uwanjani na mfuko wa vikinga vya timu nzima, meno yote nje.

“Njoo, mwanangu,” akamwita Twiga. “Nikufunge wewe kwanza, wenzako waone.”

Akapiga magoti mbele yake, na hapo akakiona kidonda. Masikio ya Twiga yaliwaka moto. Alikuwa anayaonea haya yale maua, na alikuwa anajionea haya yeye mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyouma zaidi.

“Viliteleza?” mama aliuliza.

Kusema kweli kulitaka neno moja tu. Kisoda alikuwa pembeni, anamtazama. Nahodha naye anamtazama.

“Ndiyo, mama. Viliteleza.”

“Pole, mwanangu. Kosa langu hilo. Lastiki niliilegeza, nikiogopa itakubana.”

Akavirudisha vyote mfukoni, maana hawezi kuwapa watoto wa watu kitu cha kuwaumiza. Akawaomba radhi mmoja mmoja, hata nahodha, akaahidi kuvifumua na kuvishona upya. Kisoda akavua vyake, akavitia humo humo, akaushika mkono mmoja wa mfuko. Twiga alimwita kwa sauti ndogo. Kisoda hakugeuka.

Nahodha akamwekea Twiga mkono begani, akamwambia Jumamosi timu inakutana nyumbani kwake yeye nahodha, Twiga naye aje. Mwaliko huo Twiga alikuwa ameutamani tangu aingie kwenye timu. Akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa getini, ambako mama alikuwa amesimama kumweleza mwalimu kwamba mtoto ameumia kwa uzembe wake yeye fundi.