Orvina Alikuwa Anaomba Farasi

Jamani, kaeni chini kwanza, maana hili nililonalo nikilisimulia kwa kusimama nitaanguka.

Mnaikumbuka Ngome ya Ukungu? Ile tamthilia ya wachawi iliyotutoa machozi mwaka juzi, tafsiri ya Baltazari, yule anayeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje? Basi imetoka nyingine, Kabla ya Ukungu, inaonyesha watu wale wale miaka ishirini nyuma. Nimeimaliza kwa siku mbili, na nimeamka pale nina hasira kama mtu aliyeibiwa.

Orvina wangu wamemfanya nini! Kwenye ile ya kwanza si tulimwona akikua? Alianza mbaya, akamficha dada yake barua ya mfalme, dada mtu akakosa nafasi ya kwenda kusomea uganga. Halafu polepole, sehemu baada ya sehemu, ukawa unaona kuna kitu kinamla ndani. Mpaka kule mwisho anapiga magoti kwenye matope: "Dada, nilikuficha ile barua ili nisibaki peke yangu. Nilikosea." Nani hakulia? Sasa kwenye hii mpya ni msichana wa miaka kumi na tano, katili sehemu ya kwanza, katili sehemu ya nane. Hajifunzi, hajuti, hata usingizi haumpotei. Wamemvisha ukatili kama wanavyomvisha gauni, basi, wameondoka.

Na mie yule Orvina ananihusu. Nilipomaliza kidato cha sita, mdogo wangu Coleta alipewa na mkuu wa shule fomu yangu ya kujiunga na chuo, aniletee. Akaifukia kwenye gunia la ulezi, ghalani kwetu Laela. Siku mama anamimina ulezi wa kusaga, fomu ikadondoka, na tarehe ya kuripoti imeshapita. Mwaka mzima nimepalilia mahindi wenzangu wako darasani. Nikaja kuingia chuo mwaka uliofuata, Coleta simsemeshi. Sasa mwaka juzi, niko likizo, tumekaa wote kwa mama tunaangalia mwisho wa Ngome ya Ukungu. Orvina akapiga magoti. Coleta akajifunika uso kwa khanga pembeni yangu. Nikamshika mkono, nikamsamehe hapo hapo, yeye hata mdomo hajafungua.

Jumapili hii mtoto wake Kristiana anabatizwa. Mama wa ubatizo ni mimi. Gauni limeshashonwa.

Basi Jumatano nikaenda kwa Baltazari kulalamika. Anarekodia chumba cha nyuma ya soko, Sumbawanga mjini, kuta zote kabandika trei za mayai ili bodaboda zisiingie kwenye sauti yake.

"Kaka Balta, Orvina kawaje huyu?"

"Hajawaje. Ndivyo alivyo."

"Wa kwanza si alibadilika?"

Akacheka mpaka akavua spika za masikioni. "Avelina, na usomi wote huo! Yule hajawahi kubadilika. Mimi ndiye niliyembadilisha."

Akaniwekea ile ya zamani, lugha yenyewe, bila sauti yake. Kiingereza nakisikia, sikukaa chuo miaka mitatu bure. Orvina huyo kwenye matope, magoti chini, machozi yanamtoka, anamwambia dada yake: farasi wangu amekufa, nipe wa kwako.

Farasi, jamani! Alikuwa anaomba farasi! Na dada mtu, mjinga kama mimi, akampa.

"Hii mpya nimefuata neno kwa neno," Baltazari akasema. "Vijana wana intaneti sasa, ukiongeza lako wanakusema."

"Na yale ya kuomba msamaha uliyatoa wapi?"

Akaingiza vidole kwenye trei moja ukutani, akatoa karatasi ya daftari. "Mie nilidhani unajua."

Mwandiko wa Coleta. Zile 'd' zake zenye mkia.

"Alinikuta naiangalia kabla sijaitafsiri, akarudi na maharage sado mbili, makopo mawili mazima. Akasema, kaka Balta, yule mwanamke akipiga magoti mwekee maneno haya, dada yangu akisikia ataelewa. Ikabidi nianze kumlainisha toka sehemu ya tatu, maana angebadilika ghafla watu wangeshtuka."

"Kwa hiyo mji mzima umesikia mambo ya kwetu!"

"Mji mzima ulilia," akasema, tena kwa kujivuna!

Jana nikapanda gari kwenda Laela. Coleta yuko uani anapepeta ulezi, Kristiana mgongoni.

"Dada! Mbona mapema? Gauni limekutosha?"

Nikamwekea karatasi juu ya ungo. Akaiangalia weee.

"Balta na mdomo wake," akasema.

"Usimtaje Balta. Wewe ndio umtume mwanamke wa kwenye runinga akanipigie magoti?"

"Maneno ni yangu, dada. Niliyaandika mara nne."

"Basi niambie."

Akaishika karatasi. Nikamnyang'anya. "Bila kusoma."

Akauinamisha ungo bila kujua. Ulezi unamwagika chini, kuku wanashukuru. Mimi nasubiri ile "nilikosea" yangu.

"Nilifurahi," akasema.

"Nini?"

"Mwaka ule ulipobaki nyumbani. Kila asubuhi nikikuona unatoka na jembe, nilikuwa nafurahi."

Hiyo kwenye karatasi haikuwepo. Nikainama nikaanza kuokota ulezi uliomwagika. Kristiana akaamka.

"Jumapili utasimama?" akauliza, anamtazama mtoto, siyo mimi.

"Kwa Kristiana nitasimama, hajamficha mtu kitu. Ila ule msamaha nilimpa mwanamke aliyekuwa anaomba farasi. Wewe bado sijakupa."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Kuandika unajua. Jifunze kusema."

Nikarudi mjini na gari la saa tisa, nalia njia nzima, konda ananiuliza kama nimefiwa.

Sasa leo asubuhi kanitumia ujumbe wa sauti. Sekunde kumi na moja. Kuna kuku, kuna Kristiana analia, halafu "Dada…" halafu anapumua, halafu umekatika. Nimeusikiliza mara nne. Bado sijajibu.